Je, Wajua? Lenzi Pana ya Msafiri

Kichochoro kinaweza kukuchagulia lenzi

Chukua mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wenye urefu wa mita 3 tangu kizingiti cha chini hadi ukingo wa nakshi ya juu. Kichochoro kilicho mbele yake kina upana wa mita 2. Ukibana mgongo kwenye ukuta wa ng'ambo na kuinua kamera usoni, lenzi inabaki kama mita 1.7 tu kutoka mlangoni, wala hakuna pa kurudi nyuma. Kwa kamera ya fulu fremu iliyosimamishwa wima, lenzi ya milimita 35 itaona mita 1.75 za mlango huo: mbao za katikati na njumu za shaba, bila juu wala chini. Lenzi ya 24 itaona mita 2.55, na itakachokikata huenda ni ile nakshi ya juu iliyokufanya usimame. Lenzi ya 16 itaona mita 3.8. Hapo unapata mlango mzima, miimo yake yote miwili, mfaa wa katikati, na nafasi kidogo inabaki.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Zidisha umbali wako kwa 36, ambazo ni milimita za upande mrefu wa sensa ya fulu fremu, kisha ugawe kwa urefu wa fokasi ulioandikwa kwenye lenzi. Ningependa kila anayejiandaa kununua lenzi ya safari aanze na hesabu hii, kwa mahali anakokwenda kweli, kabla hajasikiliza sifa za muuzaji. Anayekwenda Lamu, Mji Mkongwe au Mji wa Kale wa Mombasa anaingia kwenye njia zilizopimwa kwa miguu ya watu na punda. Huko ukuta wa nyuma yako ndio unaoamua. Anayekwenda Serengeti hana ukuta wowote nyuma yake, na fedha zake zingefaa zaidi kwenye lenzi ya kuvuta mbali.

Milimita za chini zina thamani kuliko za juu

Lenzi ya zumu inapotoka 72 kurudi 70, pembe inayoonekana huongezeka kwa chini ya digrii moja. Inapotoka 16 kurudi 14, huongezeka kwa digrii 7, kutoka 107 hadi 114 zikipimwa kona kwa kona. Milimita ni mbili zilezile, lakini kazi zake hazilingani hata kidogo. Ndiyo maana wapiga picha hubishana sana juu ya kununua 14-30 au 16-35, na mabishano hayo yana msingi.

Ila upana nao una bei yake. Mwaka 2015 Canon walitoa zumu ya 11-24 yenye pembe ya digrii 126, kazi ya ajabu ya uhandisi, na uzito wake ni gramu 1,180 kabla hujaweka kamera wala betri. Mashirika mengi ya ndege hukomesha mzigo wa mkononi kwenye kilo 7. Hiyo lenzi moja inakula sehemu ya sita ya ruhusa yako. Kwa safari nyingi naona 16 inatosha, na 14 ni ziada nzuri ikipatikana bila kuongeza mzigo. Chini ya hapo unahitaji sababu maalumu: ndani ya msikiti mdogo, ndani ya jahazi, ndani ya pango.

Namba moja, pembe tofauti

Lenzi iliyoandikwa 16 haioni upana uleule kwenye kila kamera. Sensa ya fulu fremu ina milimita 36 kwa 24. Sensa ndogo za aina ya APS-C, zinazopatikana kwenye kamera nyingi za bei ya kati, hukata kingo za picha, hivyo namba ya lenzi inabidi izidishwe kwa 1.5 ukitumia Nikon, Sony au Fujifilm, na kwa 1.6 ukitumia Canon. Sensa za Micro Four Thirds huzidishwa kwa 2. Mtu anayeweka 16-35 ya bei kubwa kwenye kamera ya Canon yenye sensa ndogo anapata sawa na 26 hadi 56, yaani lenzi ya kawaida tu, na upana alioulipia haupati.

Mwenye kamera ya namna hiyo atafute lenzi zilizotengenezwa kwa sensa yake. Canon EF-S 10-18, iliyotoka mwaka 2014, ina uzito wa gramu 240 na inaona sawa na 16 hadi 29. Ni plastiki, haina majivuno, na kwenye soko la mitumba hupatikana kwa bei ya kistaarabu. Nikiulizwa na kijana anayeanza, huitaja kabla ya nyingine zote.

Kwa nini lenzi pana za zamani zilikuwa nzito

Kamera za DSLR, na za filamu zilizozitangulia, zina kioo cha kuakisi kati ya lenzi na sensa, kinachopeleka taswira kwenye tundu la kutazamia. Kioo hicho kinataka nafasi ya kuruka juu kila unapobonyeza. Kwenye kamera za Nikon za aina ya F, kuanzia pale lenzi inapofungwa hadi kwenye filamu au sensa kuna milimita 46.5. Sasa, lenzi ya milimita 16 ya muundo wa kawaida ingetaka kukaa milimita 16 kutoka kwenye sensa, mahali ambapo kioo tayari kinapita. Ingevunjwa.

Mfaransa Pierre Angénieux alilitatua jambo hilo mwaka 1950 kwa lenzi yake ya milimita 35 aliyoiita Retrofocus. Aliweka mbele kundi la vioo linalotawanya mwanga, kisha nyuma kundi linaloukusanya, hivyo taswira ikajengeka mbali zaidi nyuma ya lenzi kuliko namba yake inavyodai. Ni muundo wa lenzi ya kuvuta mbali uliopinduliwa. Tangu hapo karibu lenzi zote pana za kamera za kioo zimefuata njia hiyo, na ndiyo iliyoleta yale macho makubwa ya kioo yaliyovimba mbele.

Kamera za mirolesi zimeondoa kioo. Nikon Z ina milimita 16 tu kati ya lenzi na sensa, Sony E 18, Canon RF 20. Matokeo yake unayahisi mkononi. Nikon 14-24 ya f/2.8 (kipimo cha tundu linalopitisha mwanga) ya mwaka 2007, iliyokuwa kipimo cha ubora kwa miaka mingi, ina karibu kilo moja. Ile ya Nikon Z ya mwaka 2020, yenye namba zilezile, ina gramu 650. Sony walitoa 16-35 ya f/4 mwaka 2022 yenye gramu 353, ambayo mtu anaweza kuivaa shingoni tangu alfajiri hadi magharibi bila kuhisi. Tamron 17-28 ya f/2.8 ya mwaka 2019 ina gramu 420. Kwa msafiri, mabadiliko haya ni makubwa kuliko ongezeko lolote la pikseli, kwa kuwa lenzi iliyoachwa hotelini kwa uzito haipigi picha.

Nyota ya bati mbele ya lenzi

Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Berlin ilitoa lenzi iliyoitwa Hypergon, iliyobuniwa na Emil von Höegh. Ilikuwa na vipande viwili tu vya kioo chembamba, vilivyopinda mno, na iliona karibu digrii 140. Hata leo pembe hiyo inashangaza kwa lenzi inayochora mistari iliyonyooka.

Tatizo lilikuwa mwanga. Kwenye lenzi pana, miale inayofika konani husafiri mbali zaidi, hupita kwenye tundu ikiwa imelala, na hutua kwenye filamu kwa mshazari. Kwa hesabu tupu, kona ya picha ya lenzi ya milimita 16 hupata moja ya nane tu ya mwanga wa katikati. Kwa Hypergon hali ilikuwa mbaya zaidi. Basi wakaweka mbele yake kijipangaboi cha bati chenye umbo la nyota, kikizungushwa kwa upepo wa mpira wa kubonyeza kwa mkono. Nyota ile ilizuia mwanga wa katikati wakati kona zikiendelea kupokea, kisha iliondolewa njiani ili katikati ipate fungu lake. Mpiga picha alibonyeza mpira huku akihesabu sekunde.

Muundo wa Retrofocus, na vioo vya kisasa visivyo vya mviringo kamili, vimepunguza giza la kona. Halijaisha. Piga ukuta mweupe kwa tundu lililo wazi kabisa utaliona. Kamera za leo hulisahihisha zenyewe kwa programu, zikiinua mwangaza wa kona, na pamoja nao chenga.

Kamera ya mwezini haikuwa na zumu

Julai 1969, Neil Armstrong alipokuwa mwezini, kamera iliyofungwa kifuani mwake ilikuwa Hasselblad yenye lenzi ya Zeiss Biogon ya milimita 60, f/5.6. Kwa filamu ile pana ya milimita 70, hiyo ni lenzi pana kiasi, ya kumpata mtu mzima pamoja na ardhi anayosimama. Kioo cha kamera chenye alama ndogo za msalaba kiligusana na filamu, ili wapimaji waweze baadaye kujua kama picha imevutika. Ile kamera iliachwa hukohuko pamoja na lenzi yake, na kasha la filamu ndilo lililorudi, kwa sababu kila gramu ya safari ya kurudi ilihitajika kwa mawe.

Zumu zenyewe zilikuwa changa wakati huo. Ya kwanza kuuzwa kwa ajili ya kamera za picha tuli za milimita 35 ni Zoomar ya Voigtländer, 36-82 f/2.8, ya mwaka 1959, iliyobuniwa na Frank Back, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani. Upande wake mpana ulikuwa 36, ambao leo hakuna ambaye angeuita mpana. Ilipita miaka mingi kabla zumu hazijashuka hadi kwenye ishirini na kitu.

Lenzi pana huupunguza mlima

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoka. Mtu anaona uwanda mkubwa, mlima mkubwa, anga kubwa, anasema: hii inataka lenzi pana. Tufanye hesabu. Uko uwanda wa Amboseli, upande wa Kenya, tuseme kilomita 50 kutoka kilele cha Kilimanjaro. Kilele kiko mita 5,895 na uwanda uko karibu mita 1,150, hivyo mlima unakuinukia kwa takriban mita 4,700. Kwa lenzi ya milimita 16, mlima huo wote utachukua milimita 1.5 kwenye sensa yenye kimo cha milimita 24. Ni kichuguu kwenye upeo wa macho. Kwa lenzi ya 100 utachukua zaidi ya milimita 9, na hapo theluji yake inaonekana kuwa theluji.

Lenzi pana inakuza kilicho karibu na kukifukuza kilicho mbali. Mpiga picha anayejua hivyo haielekezi kwenye mandhari tupu. Anatafuta kitu cha kukiweka hatua moja mbele yake: mzizi wa mkoko uliotokeza maji yalipokupwa, nanga ya ngalawa, tenga la dagaa, fuvu la nyati. Anapiga magoti, anasogea hadi kivuli chake kinaanza kuleta shida, kisha anauacha mlima au bahari ikae nyuma kama mahali, ikieleza kitu kile kiko wapi.

Hilo ndilo ningependa msomaji abaki nalo kuliko namba zote za makala hii. Lenzi pana ni chombo cha kusogelea. Anayeinunua ili aingize kila kitu bila kusogea atarudi na picha zenye anga nyingi, mchanga mwingi, na watu wadogo katikati wasiojulikana ni nani.

Lenzi inayokulazimisha kusalimia

Kwa lenzi ya kuvuta mbali, mtu anaweza kupigwa picha akiwa ng'ambo ya barabara bila kujua. Kwa lenzi ya 20, kumjaza mtu kwenye fremu kunataka usimame pale anapoweza kukushika mkono. Huwezi kufika hapo bila neno. Pwani yetu neno hilo lina utaratibu wake: shikamoo kwa mzee, hali gani bibi kwa mama anayeuza mhogo wa nazi, hodi kama ni barazani kwa watu, na ombi la picha baada ya habari za nyumbani, tena kwa kukubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana. Wengi, hasa akina mama wa Lamu na Zanzibar, hawapendi kupigwa picha, na hapana yao haihitaji maelezo.

Anayekubali hupigwa picha nzuri zaidi kwa lenzi hii. Fundi wa jahazi anaonekana pamoja na tezo yake, mbao, pamba ya kuziba nyufa na mtoto wake anayeangalia, vyote katika fremu moja, vyote vikiwa karibu.

Angalia tu mahali unapomweka. Lenzi pana inayochora mistari iliyonyooka huvuta kilichoko pembeni. Uso ulioko kona ya fremu hurefuka kuelekea kona, na kichwa kinakuwa yai. Hiyo si kasoro ya kioo. Ni jiometria ya kutandaza pembe kubwa kwenye bapa, na lenzi ya bei ya nyumba itafanya vilevile. Ukipiga kundi la harusi kwa 16, waliosimama mwishoni watanenepa bila kula pilau. Rudi hadi 28 au 35, urudi nyuma hatua chache, na heshima ya shangazi itabaki salama. Mwaka 2019 watafiti wa Google walichapisha njia ya kompyuta inayotambua nyuso na kuzichora upya kwa makadirio mengine huku ikiacha majengo yamenyooka, na simu nyingi sasa zina kitu cha aina hiyo ndani yake.

Simu nazo zimo kwenye habari hii. iPhone 11 ya mwaka 2019 ilikuja na jicho la pili lenye upana sawa na milimita 13, pembe ya digrii 120. Kabla hujanunua lenzi yoyote, tumia jicho hilo wiki mbili. Ukiona picha zako zinapendeza pale tu ulipoinama na kusogea, utajua unahitaji lenzi pana. Ukiona hulitumii kabisa, umeokoa fedha nyingi.

Kutoka nusu mita hadi mbinguni

Weka lenzi ya 16 kwenye f/8, lenga kitu kilicho mita 1 na kidogo kutoka kwako, na kila kitu kuanzia kama nusu mita hadi upeo wa macho kitakuwa kikali. Kwa lenzi ya 50 kwenye f/8 hiyohiyo, ungelazimika kulenga zaidi ya mita 10, na vyote vilivyo chini ya mita 5 vingekuwa na ukungu. Kwa hiyo mwenye lenzi pana hana haja ya kufunga tundu hadi f/22 akitafuta ukali. Akifanya hivyo anapoteza, maana mwanga ukipenya kwenye tundu dogo mno hutawanyika na picha nzima inalainika.

Hii inatusaidia kujibu swali linalogharimu fedha kuliko yote: f/2.8 au f/4? Tofauti ni maradufu ya mwanga. Kwa majengo, vichochoro na mandhari ya mchana, utafunga hadi f/8 hata hivyo, na f/4 nyepesi inatosha kabisa. Magharibi ya Ikweta ni mafupi, tangu jua kuzama hadi kuanza giza ni kama dakika 22 mwaka mzima, lakini kamera za leo zenye kutuliza mtikisiko hukuwezesha kushika lenzi pana kwa sehemu ya kumi ya sekunde bila stendi. Vyombo na majumba havikimbii.

Kinachotaka f/2.8 ni nyota.

Nyota zetu zinakimbia zaidi

Wapiga picha wana kanuni ya zamani: gawanya 500 kwa urefu wa fokasi, upate sekunde unazoweza kuacha shata wazi kabla nyota hazijawa vistari. Kwa 16 ni sekunde 31. Kanuni hiyo ilizoeleka enzi za filamu. Kwa sekunde 30, nyota iliyo juu ya mstari wa ikweta wa anga husogea kiasi cha pikseli 6 hivi kwenye sensa ya megapikseli 24, na hilo linaonekana ukikuza picha.

Anayeishi Kaskazini ya dunia huwa na nyota ya ncha juu angani, ambayo karibu haisogei kabisa, na zilizo jirani nayo hutambaa polepole. Sisi tulio karibu na Ikweta, kuanzia Kisangani hadi Mogadishu, mstari wa kasi zaidi unapita juu ya utosi wetu. Kwa hiyo punguza. Sekunde 10 hadi 15 kwa 16 ni salama zaidi, na ili kufidia mwanga uliopotea ndipo f/2.8 inapojilipa.

Fidia yetu ni kubwa. Kiini cha Njia ya Maziwa, kinachoonekana vizuri usiku wa Juni hadi Agosti, hupanda hadi digrii 67 hivi juu ya upeo kwa mtu aliye Zanzibar. Kwa aliye London hakivuki digrii 10, kimezama kwenye vumbi na taa za mji. Ukisimamisha kamera wima na lenzi ya 16 mahali penye giza, Makunduchi au Pate, fremu yako inaanza na mchanga na kuishia karibu na utosini, na mto ule wote wa nyota umo.

Mambo madogo yanayofaa kujulikana

Filta ya kupolarisha, inayopendwa kwa kuivisha anga, hugeuka adui kwenye lenzi pana. Anga huiva zaidi kwenye ukanda ulio digrii 90 kutoka kwenye jua, na lenzi ya 16 inaona ukanda huo pamoja na pande zake. Unapata doa la bluu nzito katikati ya anga iliyopauka. Iweke kwa ajili ya maji na majani, anga ikiwa nje ya fremu.

Idadi ya miale ya jua kwenye picha inategemea mapanga ya tundu la lenzi. Yakiwa ya idadi shufwa, miale ni idadi ileile: mapanga 8, miale 8. Yakiwa witiri, miale ni maradufu: mapanga 9, miale 18. Funga hadi f/16, weka jua nusu nyuma ya mnara wa msikiti, uhesabu.

Lenzi zenye jicho lililovimba hazikubali filta za kufunga kwa kuzungusha, na kifuniko chake cha kukinga jua huwa hakitoki. Kwa ufuko wa mchanga na matone ya chumvi ningechagua inayokubali filta, kama Nikon Z 14-30 ya f/4 yenye duara la milimita 82, ili kioo kinachofutwa kila siku kisiwe kile cha lenzi yenyewe. Na chumvi ilainishwe kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi kwanza. Ukisugua kikavu, unapiga msasa.

Kutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la Pwani, lenzi hulia machozi. Ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa kabla ya kutoka, uiache ndani ya mfuko huo nusu saa mpaka ipate joto la nje. Lakini usitegemee mifuko ya rambo ya dukani kwa kazi hiyo wala kwa mvua: Kenya imeipiga marufuku tangu 28 Agosti 2017, Tanzania tangu 1 Juni 2019, na wageni hutakiwa kuiacha uwanja wa ndege. Nunua mfuko wa mpira wa wavuvi, ule unaokunjwa mdomo.

Majengo yasianguke kabla ya wakati

Ukiinua lenzi pana kuelekea juu, kuta hulaliana kama zinaanguka nyuma. Dawa ni kuinyoosha kamera iwe sambamba na ukuta, hata kama ardhi itajaa chini ya fremu, kisha kuikata baadaye. Kwa mlango wa mita 3, shika kamera kwenye kimo cha mita 1.5, katikati yake, nayo miimo itasimama wima.

Si suala la urembo tu. Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883 mbele ya Forodhani, Zanzibar, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Jengo likishapatwa na hayo, picha iliyonyooka, inayoonyesha nguzo zote na roshani zote kwa uwiano wake, inakuwa hati. Watu wengi wamepita pale wakapiga picha za nyuso zao na kipande cha saa ya mnara. Ukiwa na lenzi pana, vuka barabara hadi kwenye bustani, nyoosha kamera, upige na moja ya jengo peke yake. Fanya hivyo kwa msikiti wa mtaani kwenu na kwa nyumba ya babu.

Unaponunua iliyotumika

Lenzi nyingi pana zinazofika Kariakoo au kwenye maduka ya Nairobi ni za mkono wa pili, na nyingi ni nzuri. Nenda na kamera yako na tochi. Fungua tundu, mulika kutoka nyuma, utazame kwa mbele: nyuzinyuzi nyeupe kama mizizi ni kuvu, ugonjwa wa lenzi zilizokaa kwenye unyevu, na kwa hali ya hewa ya Pwani hautapona wenyewe. Vumbi kidogo halina neno. Zungusha zumu taratibu toka mwisho hadi mwisho, usikilize kama inakwama popote.

Kisha omba kupiga ukuta wa matofali au wa vigae, kamera ikiwa sambamba nao, lenzi ikiwa kwenye upana wake wa mwisho na tundu likiwa wazi kabisa. Kuza kona zote nne kwenye kioo cha kamera. Kona zote zikilegea kidogo kwa usawa, hiyo ni tabia ya lenzi pana, na ukifunga hadi f/8 zitakaza. Kona tatu zikiwa kali na ya nne ikiwa na ukungu, kuna kioo kilichohama ndani, pengine ilianguka. Tundu lolote utakaloweka halitairekebisha, na fundi wa kukirudisha kioo mahali pake atakudai karibu na bei ya lenzi.